Kwikwi ya Gari la Mkunga

"Jirani, niambie bila kunificha: hilo gari linaruka lenyewe, au ni mguu wako?"

Aliyeuliza alikuwa mama muuza mkaa wa nyumba ya pili, mkono kiunoni, huku anacheka. Hakuwa na ubaya. Lakini mkunga aliyeulizwa hakucheka. Aliingia ndani ya gari akafunga mlango, na tangu siku ile kila akikanyaga mafuta huutazama mguu wake wa kulia kama mtu anavyomtazama mfanyakazi aliyeanza kumshuku.

Saa mbili asubuhi, gari hilo limesimama katika karakana ya fundi ambaye mtaa mzima unamwita Kimya. Ni gari dogo la zamani, la gia za mkono, rangi yake ya kijani imebaki vizuri milangoni tu. Karakana yenyewe ni ua ulioezekwa mabati upande mmoja. Spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, na kila moja imechorewa umbo lake kwa chaki, ili ikikosekana ukuta wenyewe useme.

Kando ya mlango iko cherehani. Hapo mke wa Kimya hushona vitambaa vya viti vya magari, na hakuna neno linalosemwa uani likampita.

Kimya ana miaka hamsini na kitu, viganja vipana, kucha alizozisugua kwa sabuni na mchanga mpaka zimetakata. Anazunguka gari taratibu. Boneti hajaigusa.

"Boneti ni ya mwisho," anasema. "Ukiifungua mapema, macho yanaanza kutafuta cha kulaumu. Na injini kuukuu haikosi cha kulaumiwa."

Jina la Kimya hakupewa kwa upole wake. Akiingia kwenye gari la mtu huzima redio kwanza, kisha huwaomba na abiria wajizime.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akitengeneza mashine za kusaga nafaka. "Mjomba alinifunga macho kwa kitambaa, akawasha mashine, akaniuliza, mkanda upi umelegea? Nikikosea, nafagia unga wote wa siku ile. Nimefagia unga mimi, usiniulize."

Baadaye aliajiriwa kwenye karakana kubwa iliyokuwa na kompyuta za kupimia magari. Ilipofungwa, alirudi nyumbani na sanduku lake la spana. "Kompyuta siisemi vibaya, ni kitu kizuri. Lakini magari haya ya zamani hayana pa kuichomeka. Ni kama kumpigia mtu asiye na simu."

Siku njema, magari mawili huingia uani. Siku nyingine hufagia ua mara tatu, ili mkewe asimkute amekaa.

Gari la leo limekuja na kesi. Mkunga anafanya kazi katika zahanati ndogo chini ya mlima uliojaa nyumba, na kwa miaka mingi mwanamke akishikwa na uchungu huko juu, simu hupigwa kwake. Huenda mwenyewe, humlaza kiti cha nyuma, hushuka naye. Sasa gari limeshikwa na kwikwi. Likianza kupanda, linashtuka mbele na nyuma kama linalosukumwa na watoto.

Mafundi wawili wameshabadilisha plagi, chujio la mafuta, na mwisho klachi nzima. Kwikwi haikuondoka.

"Mwezi uliopita nilimbeba binti mmoja, mimba yake ya kwanza," anasimulia mkunga. Amekaa kwenye benchi, mkoba wake wa kazi uko mapajani. "Gari likaanza. Akanishika bega, akasema, mama, simamisha niteremke, nitembee. Huyu mtoto atatoka kwa kutikiswa. Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nililia."

Mwanawe, dereva wa lori, amesimama karibu naye. Amempata mnunuzi wa gari, na mnunuzi anakuja kesho. Ufunguo anao yeye, kwenye mfuko wa shati, na mfuko ameufunga kifungo.

"Fundi, mimi sigombani na mama," anasema. "Naogopa. Mimi niko barabarani kila siku, naona. Siku moja litaruka mbele lori likiwa linakuja, na lori halina breki za huruma. Nikiliendesha mimi linakwenda kama maji. Sasa hapo niseme nini?"

"Sema mama yako amezeeka," anajibu mkunga. "Usizunguke."

"Sijasema hivyo, mama."

"Jirani alishakusemea."

Makubaliano yao ni haya: Kimya akipata ugonjwa leo, gari linabaki. Asipoupata, mnunuzi analichukua, na mkunga hatashika usukani tena.

Dereva wa lori anafungua mlango wa gari. "Panda fundi, nikuonyeshe. Mama apumzike." Kimya anapanda. Wanatoka, wanapanda mlima nyuma ya nyumba, wanapita shule, wanarudi. Injini inanguruma sawasawa, gari haliruki hata mara moja.

"Umelisikia?" anauliza dereva akizima gari.

"Nimelisikia."

"Lina nini?"

Kimya anatikisa kichwa. "Sijaona kitu."

Mkunga anaufunga mkoba ambao tayari ulikuwa umefungwa. "Basi ni mguu," anasema, kwa sauti ile ya mtu anayesoma kipimajoto.

Cherehani inasimama.

"Baba," anaita mke wa fundi. "Mwenye gari hapa ni nani?"

"Mama huyu."

"Na aliyeendesha ni nani?"

Kimya anakuna kisogo. Mkewe anauweka mkasi chini. "Mwenye gari aendeshe, fundi akae pembeni. Umeniimbia wimbo huo tangu sijakuzalia mtoto. Leo umeusahau kwa sababu dereva wa lori amekufungulia mlango?"

Hakuna anayecheka zaidi ya Kimya mwenyewe. "Nimekosea, mama," anamwambia mkunga. "Tuanze upya. Shika usukani wako."

Safari ya pili si kama ya kwanza. Kimya anavua viatu, anakanyaga sakafu ya gari kwa nyayo tupu. Kiganja anakilaza juu ya mti wa gia, bila kuushika, kama mtu anayempima mtoto homa. Dereva wa lori anakaa nyuma, magoti yamemfika kidevuni.

Chini ya mlima mkunga anaingiza gia ya pili, anakanyaga mafuta kidogo. Gari linashtuka. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Vifungo vya mkoba vinalia.

"Unaona!" anasema mwana.

"Nyamaza kidogo, baba," anasema Kimya.

Mkunga anataka kuutoa mguu. "Usiutoe, mama," Kimya anamwambia. "Endelea hivyohivyo, kama vile nyuma umembeba mwenye uchungu."

"Nyuma nimembeba huyu. Huyu nilishamzaa."

Chini ya kiganja cha Kimya mti wa gia unacheza. Gari likienda mbele, unakwenda nyuma; gari likirudi, na wenyewe unarudi. Kimya anafumba macho, anahesabu kwa midomo, na uso wake unalainika.

"Simamisha hapo. Sasa mbadilishane. Kijana, njoo mbele. Mama, nenda nyuma."

"Fundi, nimeshaliendesha."

"Umeendesha lori lako ndani ya gari la mama yako. Umekanyaga mafuta kama una mzigo wa saruji. Sasa kanyaga kama yeye. Nyuma kuna mwenye uchungu."

Mkunga anakaa palepale walipokaa wanawake wote aliowashusha mlimani, mahali ambapo yeye hajawahi kukaa. Mwanawe anaingiza gia, mguu anauweka juu ya mafuta kwa woga.

"Taratibu, baba!" mama anaita kutoka nyuma. "Nina uchungu mimi!"

Kijana anacheka, anapunguza mguu. Hapo gari linamrusha. Mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu paji la uso linakaribia kuubusu usukani. Anasimamisha. Anautazama mguu wake.

Kutoka kiti cha nyuma mkunga anauliza, polepole kabisa, "Kumbe na wewe umezeeka?"

Anacheka mpaka anashika mbavu. Mwanawe naye anacheka, kichwa amekiinamisha juu ya usukani, na kicheko chake kina pumzi ndefu ya mtu aliyeutua mzigo aliokuwa akiuogopa kuliko alivyosema.

Wanaporudi uani ndipo boneti inafunguliwa. Kimya anamkalisha mkunga kwenye usukani: breki ya mkono juu, mguu mmoja kwenye breki, gia ya kwanza, klachi aiachie kidogo tu. Mwana anataka kusimama mbele atazame. "Ubavuni," Kimya anamvuta. "Mbele ya gari lenye gia hasimami mtu ambaye mama yake bado anamhitaji."

Klachi inapoanza kushika, injini nzima inanyanyuka upande mmoja, kama mtu anayeinuka kitini kumsalimia mgeni. Mkunga akirudisha klachi, inakaa.

"Injini haikufungwa chuma kwa chuma," Kimya anaeleza. "Inakalia raba. Raba ya nyuma imekatika, na imekatikia chini, ukiitazama kwa juu utadhani nzima. Sasa fuata waya huu. Unatoka kwenye mguu wa dereva kuja kwenye injini kuitia mafuta. Injini ikiegemea nyuma, inauvuta waya yenyewe. Gari linapata mafuta ambayo hakuna aliyeyakanyaga, linaruka. Likiruka, injini inarudi, waya unalegea, mafuta yanapungua. Inaegemea tena, inauvuta tena. Hiyo ndiyo kwikwi yako."

"Mbona kwangu halikuruka?" anauliza mwana.

"Wewe umekandamiza. Injini imeegemea moja kwa moja, ikabaki hukohuko, na waya umeshavutika wote. Kuvutwa kidogo hakuonekani. Mama yako anakanyaga kidogo, na mguu mwepesi ndio unaousikia ugonjwa huu mapema." Anamgeukia mkunga. "Mguu huo uutunze, mama. Hauna kosa."

Mkunga anatoa kitambaa mkobani, anapangusa macho, anakirudisha, anafunga mkoba.

"Kila usiku nilimwomba Mungu aniambie ukweli," anasema baadaye. "Kama ni mguu, aniambie mapema, nikae chini kabla sijaua mama na mtoto wake. Sikumwomba aniachie gari. Niliogopa kuomba mawili."

Raba inapatikana katika duka la vipuri mtaa wa nyuma. Mwana anaifuata kwa miguu, anarudi anakimbia. Kimya anaweka ubao juu ya jeki, anaiinua injini kidogo, anatandika boksi la karatasi chini na kuingia kwa mgongo. Huko chini anasikika akizungumza na bolti iliyoshika kutu. "Toka, mpendwa. Toka. Hata mimi sipapendi hapa."

"Mimi hajawahi kuniita mpendwa," mkewe anaiambia cherehani.

Jua limeshapita utosini anapotoka, majani na vumbi vimemganda mgongoni. Mkunga anachukua usukani peke yake. Wanaobaki uani wanasikiliza. Gari linashuka, linakata kona, linaanza mlima. Mwana amesimama mdomo wazi kidogo, kama anayesubiri kupiga chafya. Sauti inapanda, inakuwa nyembamba, inapotea juu bila kukatika hata mara moja.

"Haya," anasema mke wa fundi, na anaendelea kushona.

Gari linaporudi, mwana analiegesha kivulini, anaurudisha ufunguo mfukoni, kisha anatoa simu. "Ndugu yangu, ni mimi. Lile gari haliuzwi. Hapana, si bei. Lina kazi."

Kimya ananawa kwa sabuni na mchanga, mpaka viwikoni. Nyuma yake, katikati ya ua, kuna shimo refu lililochimbwa nusu, lina maji ya mvua na chura mmoja. Hilo ndilo analoliota: shimo la kukagulia magari, lenye kuta za matofali na ngazi tatu, asimame ndani yake wima badala ya kulala chini kila siku.

"Mgongo umeshanipa onyo," anasema. "Mungu akinijalia, kabla ya mvua zijazo nitakuwa nimelijenga. Nikiwa chini humo, gari liko juu yangu linanguruma, nitasikia vizuri kuliko—"

"Na chura umpeleke wapi?" mkewe anamkata.

"Chura ni mpangaji. Nitampa notisi."

Dereva wa lori anasema matofali anayapakia kila wiki, na kwamba kuna yanayovunjika pembe ambayo wenyewe hawayataki. Anasema atawauliza. Kimya anamtazama, anaanza kumweleza ukubwa wa shimo kwa mikono yenye mapovu, urefu huu, upana huu.

Simu ya mkunga inalia.

Anasikiliza. Uso unabadilika, unakuwa wa kazini. "Chupa imepasuka? Mlaze ubavu wa kushoto. Mwambie apumue, asisukume."

Anakata simu na kusimama. Mwanawe ameshafungua kifungo cha mfuko wa shati. Anautoa ufunguo, anauweka kiganjani mwa mama yake. Mkunga anaufumba mkononi, anachukua mkoba wake, na anaingia kwenye gari.