Sinia Moja kwa Mabaharia Wote

Siku yangu ya kwanza melini nilijua kupika, lakini sikujua kupakua. Nilikuwa nimetoka Butembo, ambako nilipika kwenye hoteli ndogo ya kando ya barabara, na huko kila mteja alikuwa na sahani yake. Basi meli ilipoiacha bandari ya Goma kuelekea Bukavu, nikapanga sahani za mabaharia kwenye benchi, kila moja na bugali yake, sombe yake ya majani ya muhogo na sambaza wake, wale samaki wadogo wa ziwani, nikajiona fundi. Komanda, yaani mkuu wa meli, akaja, akazitazama, akaniagiza nirudishe kila kitu kwenye sinia moja.

“Hapa mutu hakulake peke yake,” alisema. “Akikula peke yake, hatutajua kama iko mugonjwa ao iko na hasira. Na huku ku maji, ile njo inauaka batu.”

Nikarudisha kwa shingo upande. Sambaza wangu niliowapanga vizuri wakalaliana ovyo.

Vijana mnaopika kwa gesi hamtaamini jiko letu. Lilikuwa nyuma ya meli: nusu ya pipa la chuma iliyojazwa mchanga, makala, yaani mkaa, juu yake, na vyuma viwili vya kuishika sufuria isikimbie. Bugali ya mabaharia husongwa umekaa chini, sufuria katikati ya miguu, na gunia bichi likikukinga usiungue. Asubuhi tulikutana na wavuvi wa sambaza, wale wanaounganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu. Komanda alipunguza mwendo, wao wakatupitishia beseni la samaki, mimi nikawapa bugali ya moto ndani ya majani ya ndizi. Upepo ukiamka usawa wa kisiwa cha Idjwi, jiko lilizimwa, na siku hiyo tulikula viazi vitamu vilivyochemshwa bandarini.

Sheria ya sinia ilikuwa moja: hakuna mkono uliogusa chakula kabla mekanisie hajapanda kutoka chini. Huyo ndiye aliyeilinda mashine, na tulimwita Papa Bahati. Alizaliwa kwenye milima ya Masisi, akakulia nyuma ya ng’ombe, na maji aliyaogopa mpaka mwisho wa kazi yake. Kelele za mashine zilikuwa zimemla masikio, kwa hiyo tulizungumza naye zaidi kwa mikono na macho. Alikaa ng’ambo ya sinia, uso kwa uso nami. Kila safari alilalamika kwamba bugali yangu ni laini, ni ya wagonjwa, na kila safari ndiye aliyekwangua sufuria. Nilimpenda mtu yule kuliko baadhi ya ndugu zangu, na sioni haya kuliandika.

Baadaye mwenye meli aliamua kwamba jiko linakula nafasi ya abiria. Kila baharia angepewa mkate na samaki wa kopo. Nilimwendea komanda nikamwomba atutetee. Alinijibu kwamba alikwisha kusema naye, na meli si yake. Siku ya mlo wa mwisho hakuna aliyelalamikia bugali. Papa Bahati alinishika bega, akaniambia polepole, kama anayeogopa kwamba mimi ndiye kiziwi:

“Tutakula tena, weye na mimi. Hata ku inchi kavu.”

Nikahamishiwa mlangoni kukagua tiketi, na huko nikamaliza miaka yangu. Kila mtu alitafuna mkate kwenye pembe yake, Papa Bahati kulekule chini. Mshika usukani wetu alipofiwa na mkewe, mimi niliambiwa na abiria.

Sasa nimekula chumvi nyingi, ninaishi Goma, mtaa wa Mapendo, kwa binti yangu, na chakula sikikosi. Anapika vizuri kuliko mimi. Lakini wajukuu hula kila mmoja kwa saa yake, na mimi nikinawa mikono hujikuta nasubiri mtu apande kutoka chini. Nina hamu, basi. Papa Bahati alipostaafu alikwenda kwa binti yake Bukavu. Kisha zikaja siku za vita ambazo meli zilisimama bandarini, barabara nayo haikuaminika, na nikaanza kuogopa kwamba mmoja wetu atakufa kabla hatujala tena. Ziwa lilipofunguliwa nilikata tiketi kama abiria, nikabeba unga wangu na mwiko wangu.

Binti yake alinipokea kwa heshima, kisha akanivuta pembeni. Papa yake hakuwa akiinuka tena kitandani, alisema, na alikuwa amekataa chakula, hata uji alikunywa kwa kubembelezwa. Nikamwomba makala. Nikasonga bugali ngumu uani kwake mpaka mgongo ukalia, nikakaanga sambaza, nikapakua kwenye sinia moja na kuiweka kitandani kando yake. Nikamwita binti na watoto wake, tukaizunguka sote. Hakuna aliyegusa. Tulisubiri hata watoto wakaanza kutazamana.

Mkono wake ukatoka kwenye blanketi. Akamega kidogo, akatafuna muda mrefu, akanitazama.

“Tuko wapi?” akauliza.

Kule chini kwenye mashine hapakuwa na dirisha, na kila alipopanda kula, mpishi ndiye aliyemwambia meli imefika wapi. Binti yake akataka kumjibu kwamba yuko nyumbani, kitandani kwake. Nilimzuia kwa mkono. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nikainama sikioni pake.

“Tuko katikati ya ziwa, Papa,” nikamwambia. “Kula. Kufika bado.”