Mwiko wa Mnavu

Mama yangu alifariki nikiwa bado mtoto wa kufagia uwanja na kuchota maji kwa kibuyu kidogo. Ilikuwa Igowole, katika miaka ya hamsini. Alifariki katika uzazi, yeye na mtoto aliyekuwa anamzaa. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai. Alikuja kuzika, akarudi kazini. Nikabaki na bibi, mama yake baba, kwenye uwanja wenye nyumba mbili, moja, ya mama, ikiwa imefungwa mlango.

Mama alikuwa mtu wa mboga za porini. Alichuma mnavu, mchunga na majani machanga ya mashona nguo kando ya shamba la mahindi. Mnavu aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza ili uchungu upungue, kisha akaunga kwa mbegu za maboga alizozikaanga na kuzitwanga. Tulikula hivyo karibu kila siku. Sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu cha kukumbuka.

Baada ya mazishi Bibi alisema mboga hizo hazitaliwa tena pale nyumbani mpaka msiba umalizwe. Katika ukoo wetu, mboga ambazo marehemu alizoea kuchuma zilihesabiwa kuwa bado ziko mkononi mwake. Kuzichuma mapema ni kumpokonya. Na kumaliza msiba kulitaka pombe, ndugu, na baba mwenyewe awepo. Baba alituma mtu aseme kwamba angekuja baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Ikaja baridi, na ukungu wa kwetu ambao asubuhi huwezi kuona zizi la jirani. Tulikula ugali na maharage, na kesho yake ugali na maharage. Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi nilikuwa sina wa kumsemesha.

Ndipo nikaanza kujikwaa jioni. Jua likishazama, wenzangu wakiwa bado wanacheza na kuonana vizuri, mimi nilikuwa nawasikia tu. Sabina, mtoto wa jirani, ndiye aliyegundua.

"Kuku ameshalala," alisema. "Njoo huku, kuku, banda lako hili hapa."

Nilifuata sauti nikaangukia rundo la mabua. Walicheka sana. Siku zilizofuata walicheka kidogo, halafu wakaacha kuniita. Nadhani walianza kuniogopa.

Mama yake Sabina akaja kwa Bibi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Mama, huyu mtoto mnamwacha hivi hivi?" alisema. "Ni marehemu anayemfunika macho. Msiba wake mmeuacha wazi, hajui aende wapi, basi kila jioni anamrudia mwanawe."

"Namsubiri mwanangu," Bibi akajibu.

"Mwanao ameshapata pombe ya kwake huko kwenye chai, haji huyo."

"Una mdomo, wewe."

"Ninao. Na macho ninayo. Mjukuu wako ndiye hana."

Wanawake wazima wangetegemea mtoto akisikia hayo aogope. Mimi nilifurahi. Kumbe mama alikuwa anakuja. Tangu siku ile nilianza kulisubiri jua lizame. Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba iliyofungwa, giza likaanza pembeni, likasogea katikati, mpaka uwanja wote ukapotea kabla ya wakati wake. Nilikuwa na hakika hivyo ni viganja vyake. Nilimweleza habari za siku, nazo zilikuwa chache. Nilimwambia nimechoka na maharage. Sisemi kwamba nilimwona au kumsikia. Ninachosema ni kwamba saa ile sikuwa peke yangu, na hakukuwa na saa nyingine ya namna hiyo katika siku nzima.

Jioni moja nilikuwa natoka kizingitini kwenda jikoni kwa kupapasa ukuta. Bibi alikuwa ameepua chungu cha maharage na kukiweka chini karibu na mlango, nami nikakikanyaga. Mguu uliungua mpaka kwenye kifundo. Bibi alinipaka dawa ya majani.

"Basi," alisema. "Atakayekuja atakuta tumemaliza."

Alipika pombe kidogo, akawaita majirani wachache. Siku yenyewe, asubuhi, alifungua mlango wa nyumba ya mama, kisha akaenda kando ya shamba kuchuma mnavu. Aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaunga kwa mbegu za maboga. Mimi ndiye niliyepaswa kula kwanza. Bibi akafinyanga tonge, akalichovya kwenye mboga, akalileta mdomoni kwangu mbele ya watu.

"Kula, mke mwenzangu." Ndivyo alivyonitania siku zote, kama bibi wengine na wajukuu wao. "Ukila, mama yako ataondoa mikono apumzike."

Nikafunga mdomo. Aliponisisitiza nikasema, "Sitaki aondoe."

Mama yake Sabina akaangalia pembeni. Bibi hakushusha mkono.

"Hata mimi sitaki," alisema. "Lakini ukiingia motoni, mimi nitabaki na nani?"

Nikala. Nilikula nikilia, na niliendelea mpaka bakuli likaisha, maana mwili ulikuwa unautamani ule mnavu kuliko nilivyojua.

Tukaupika tena kesho yake, na siku zilizofuata. Haukupita muda mrefu, jioni moja nikiwa pale kizingitini, giza halikuja. Niliona kuku wakiingia bandani, nikaona miti ya miwati ng'ambo ya shamba, nikamwona Bibi ameinama anafunga kuni. Kila kitu kilikuwa mahali pake na hakuna aliyenigusa. Niliita kwa sauti ndogo. Nilisubiri kidogo, kisha nikaenda kubeba kuni.

Miaka baadaye, sekondari, mwalimu wa baiolojia alitueleza kwamba majani ya kijani yana rangi ya manjano iliyofunikwa na ukijani wake. Mwili huigeuza rangi hiyo kuwa vitamini A, mradi chakula kiwe na mafuta kidogo, na jicho likiikosa haliwezi kuona kwenye mwanga hafifu. Nilielewa mara moja. Mwiko ndio uliokuwa umenifumba macho, na kuumaliza mwiko ndiko kulikoyafumbua. Nilikasirika, lakini Bibi alikuwa ameshafariki, na baba sikuwa na mazoea naye ya kutosha hata kumkasirikia.

Mwalimu aliongeza jambo moja ambalo wenzangu walilinakili tu. Vitamini hiyo mwili huiweka akiba kwenye ini, na kuitumia kidogo kidogo, hata kwa miezi.

Sasa nina watoto wangu, na mara nyingi nachambua mboga nikiwa nimechoka, nataka tu imalizike kabla hawajaanza kulia njaa. Hapo ndipo jambo lile hunirudia. Miezi ya mwanzo baada ya mazishi, nilipokuwa bado nakimbia na akina Sabina jioni na kuwaona wote, nilikuwa naona kwa mboga alizonilisha mama. Alikuwa nami wakati ule, na sikumfikiria hata kidogo. Nilianza kumsubiri kizingitini siku alipokwisha mwilini mwangu.