Karatasi ya Pipa la Dawa

Siku yangu ya kwanza kwenye dipu, shamba moja huko Bahati, nyapara alinipa fimbo na kuikata alama kwa kisu. "Maji yakifika hapa, weka kopo tatu za dawa. Yakifika hapa, tano. Na usinisumbue tena."

Nyinyi vijana mnawapulizia ng'ombe dawa kwa pampu, kwa hivyo nieleze. Dipu ni mtaro mrefu wa saruji uliojaa maji na dawa ya kupe. Ng'ombe anaruka ndani upande huu, anaogelea, anatokea upande ule. Dawa ikipungua, kupe wanabaki. Ikizidi, inamchoma ng'ombe. Miaka minne niliipima kwa fimbo ile, na hakuna aliyejua kwamba sijui kusoma. Mimi ni mtu wa haya, kunyamaza ni rahisi kwangu.

Kisha likaja pipa jipya. Rangi ni ileile, karatasi iliyobandikwa ubavuni ni tofauti. Nikapima kama kawaida. Jioni ndama walikuwa wakitetemeka, na kulipokucha wawili walikuwa wamekufa.

Bwana Mifugo, afisa wa kukagua madipu, akaja.

"Ulisoma karatasi?"

"Nilisoma, bwana."

Alinitazama sana. "Mvua ikiisha nitarudi, unisomee mwenyewe. Ukishindwa, dipu si yako."

Kazi ya dipu ndiyo iliyotupatia nyumba, mimi na familia yangu. Siku hizo ukifukuzwa shambani, huna kazi wala pa kulala.

Ndipo nikaingia shule ya shamba, chumba kimoja cha mabati, mimi na miaka yangu thelathini na nne. Nilikaa benchi la nyuma, magoti yakigonga meza. Binti yangu Nyambura alikaa mbele na hakugeuka.

"Mwalimu, kuna kitu hapa kinanuka dipu!" mtoto mmoja akasema. Wakacheka wote.

"Hicho kitu ni baba yangu," Nyambura akasema, macho bado ubaoni.

Nilikuwa nimechoka, sitaficha. Tangu alfajiri nilikuwa nasukuma ng'ombe, na saa nane mchana herufi zilikuwa zikiogelea. Mara nyingi nililala. "Mzee, amka, tumeshafika mstari wa tatu," mwalimu alikuwa akiniambia polepole. Kila wiki nilitaka kuacha. Nyumbani Nyambura alinisomesha kwa maandishi ya pakiti ya majani ya chai, na nikikosea aliweka kidole kwenye neno mpaka nirudie.

Mvua iliisha. Bwana Mifugo akasimama kando ya pipa, nyapara nyuma yake. Juu kulikuwa na Kizungu, chini Kiswahili. Nikaweka kidole, nikasoma neno moja moja, jasho likinitoka. Nikafika mstari wa mwisho.

"Ndama... wasi... wasitiwe... katika dawa hii."

Nikaondoa kidole. Maneno hayo yalikuwepo hapo tangu siku ile ya ndama.

"Endelea."

"Imeisha, bwana."

"Lakini uliniambia ulisoma."

"Nilidanganya. Leo ndiyo nimesoma."

Bwana Mifugo akamgeukia nyapara, akamwambia, "Mwache kwenye dipu."

Nilibaki hapo mpaka magoti yakakataa. Watu huniuliza kama nilifurahi kujua kusoma. Sijui. Nilikuwa nimechoka, hata kufurahi sikuweza. Ila kila pipa lililokuja, hata lile nililolijua kwa moyo, nililisoma kwa sauti mpaka mstari wa chini, ndipo nikafungua lango la ndama.