Mameneja Sita Chini Yangu

Mimi ni karani wa stoo. Mkurugenzi alikubali kunihamishia tawi letu la Amerika, lakini viza ilitaka meneja anayesimamia mameneja wenzake. Nikachapisha chati bandia ya vyeo vya ofisi kwa waghushi wa mtaa wa River Road: mimi juu, mameneja sita chini. Mmoja alikuwa Mama Rosa, mpishi wetu wa chai. Sikumwambia.

Kanisani wakaniombea safari. Mke wangu akaacha kazi yake mtaani Loresho ili tusafiri pamoja.

Jumatatu afisa wa viza akatokea ofisini bila taarifa. Nilikuwa nikimwonyesha afisa chati, Mama Rosa alipoingia na sinia ya chai.

“Wewe ndiye meneja wa huduma, chini ya Bwana Wafula huyu?” afisa akamuuliza.

Mama Rosa akanitazama kwa huruma.

“Mimi napika chai tu. Huyu Wafula ndiye mimi humtuma dukani kuleta maziwa.”