Mama Mkwe na Gari la Kwenye Televisheni

Mama mkwe wangu, Bi Kanizfatema, hakuwahi kupenda kitu chochote kinachowaka taa na kupiga kelele. Simu yake ya mkononi aliifunga kwenye leso na kuifungua Ijumaa kwa Ijumaa. Oveni ya umeme aliizungumzia kwa sauti ya chini, isije ikamsikia. Kwa hiyo siku niliporudi kazini nikamkuta amekaa mbele ya televisheni, usukani wa plastiki mikononi, kandambili zimekanyaga pedali, mtandio umemwangukia mabegani, nilidhani nimeingia nyumba ya watu.

"Usinisemeshe, Kawthar," aliniambia bila kugeuka. "Niko barabarani."

Hiyo ilikuwa mwaka 2011, nyumbani kwetu Mississauga. Kikachi, lugha ya wazee wetu waliotoka India, tunakijua wote wawili, lakini mimi na mama mkwe tunagombana kwa Kiswahili, kwa sababu ugomvi wa Kiswahili una ladha. Mimi nimekulia Dar, yeye Tanga. Mume wangu Reza, mwanawe wa pekee, aliletwa Canada akiwa mdogo. Kiswahili anakielewa chote, hata kile tusichotaka akielewe, ila anajibu kwa Kiingereza.

Mama alikuwa anajua kuendesha. Hilo lazima niliseme mapema, maana yeye mwenyewe hulisema mapema. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Tanga, na binti ndiye aliyepeleka misumari na saruji kwa wateja kwa pikapu ya duka. Kwa maneno yake, alikuwa msichana wa kwanza mtaani kwao kushika usukani, na mimi sina wa kumuuliza. Kisha akaolewa na Mzee Hussainali, wakahamia huku, na tangu hapo mzee ndiye aliyeendesha. Mama alikaa kando yake na kuendesha kwa mdomo: punguza, kata, huyo anakuja, humwoni? Mzee alipofariki, Corolla yake ilibaki gereji ya nyumbani. Reza aliiwasha kila Jumapili ili betri isife, na mama alitoka kuisikiliza ikinguruma, kisha akarudi ndani.

Pengine mambo yangebaki hivyo kama si masi Khairunissa. Masi ni mama mdogo kwetu. Huyu ni mdogo wake mama, mjane, hana mtoto, anakaa peke yake kwenye ghorofa upande wa pili wa mji. Figo zake zilishakataa kazi. Kila baada ya siku moja au mbili ilibidi aende hospitali asubuhi kusafishwa damu kwa mashine, akitoka hapo hana nguvu hata ya kufungua mlango. Mimi na Reza asubuhi tuko kwenye treni ya kwenda mjini. Masi alikuwa akipelekwa na gari la kukodi la wagonjwa, linalokuja likitaka.

Siku moja ya baridi kali gari hilo lilimsahau. Tulipopata habari na Reza akaenda kumchukua, alimkuta kwenye viti vya mlangoni, koti limefungwa mpaka shingoni, mkoba mapajani, akingoja bila kumlalamikia mtu. Alikuwa hapo tangu adhuhuri. Alipofikishwa kwetu, mama alimvua viatu mwenyewe, akamkanda miguu. Masi alipolala ndipo akaniambia, "Mdogo wangu hatasahauliwa tena kama mwavuli. Nitampeleka mimi."

Nilimwambia kwa heshima zote kwamba amezidi sitini na leseni hana. Akanijibu kwamba umri hakuniuliza na leseni ataipata.

Mtihani wa maandishi aliupita vizuri sana. Wa barabarani ndio uliomtoa jasho. Mara ya kwanza alitoka kwenye maegesho ya ofisi ya leseni, akafika barabarani, akakata na kuingia upande wa kushoto, ilhali huku magari hupita kulia, kwa utulivu kabisa, kama anakwenda sokoni Ngamiani kule Tanga. Mtahini alipiga kelele. Mama akamwuliza kwa nini anapiga kelele, mbona barabara ni tupu. Haikuwa tupu. Walirudi ofisini mtahini akiwa kwenye usukani.

Mara ya pili upande ulikuwa sahihi, ila aliona mtu anataka kuvuka, akampigia honi. Kwetu honi ni salamu: nakuona nawe unione. Huku honi ni tusi. Akampigia na mama mwenye kigari cha mtoto, akalipigia na basi la shule lililosimama. Akafeli tena.

"Mazoea yana taabu," aliniambia siku ile. "Kichwa changu kinajua kulia, Kawthar. Nikiogopa tu, mikono inarudi Tanga."

Reza alijaribu kumfundisha Jumamosi. Walikuwa wakitoka wanaongea na kurudi hawaongei. Mtu akipiga kelele ndani ya gari mama anaogopa, na Reza hawezi kukaa kando ya mama yake asipige kelele. Sijui amerithi kwa nani. Hapo ndipo alipotoa kabatini mashine yake ya michezo ya televisheni na kununua usukani wa mtumba, akidhani mama atacheka yaishe.

Hakucheka. Kwanza aliikagua michezo yote iliyokuwemo, mmoja mmoja, na kila mmoja akautolea hukumu. Ule wa vita aliutazama kidogo akauliza, "Hawa wote hawana mama zao?" akauzima. Wa mpira aliusifu kwa majani, kwamba yamekatwa vizuri, lakini wachezaji hawahemi, na mtu asiyehema hamwamini. Ule wa kupanga vito kwa rangi alisema hiyo ni kazi ya dukani na yeye amestaafu. Wa shamba aliupenda, alipanda mahindi, akafuga kuku, mpaka mchezo ulipomzawadia nguruwe. Alimtafutia mlango wa kumrudishia, hakuna. Akaliacha shamba zima na mavuno yake.

Ukabaki wa magari. Ulikuwa wa mashindano: magari manane, mji mkubwa wenye majengo marefu, kila mtu anakimbia kufika mwisho wa njia. Barabara zake zilipita kulia kama zetu za huku. Mama akasema, huu ndio wangu.

Sasa mtazame anavyocheza. Kabla hajaanza anafunga mkanda, mkanda wenyewe ni ule wa joho lake la nyumbani. Anasoma dua ya safari. Halafu, na hapa ndipo nilipomshika kwa mara ya kwanza, anainuka, anakwenda jikoni, anatia sarafu kwenye kibweta cha sadaka.

Kila nyumba yetu ina kibweta hicho. Mtu akisafiri hutia chochote cha maskini ili Mola amwepushe na balaa za njiani, na kikijaa hupelekwa imambara, ukumbi wetu wa ibada. Lakini hutia mtu anayesafiri.

"Mama," nikamwambia, "gari la kwenye televisheni haliendi popote."

"Roho yangu inakwenda," akanijibu. "Ajali ya roho huijui wewe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikawasimulia wenzangu kazini, nikamsimulia mama yangu Dar kwa simu naye akacheka. Mama mkwe hakujali. Kila mchezo, sarafu. Nikawa nasikia mlio wake ninapokata vitunguu na kujua kwamba msafara unaondoka.

Na kuendesha kwake! Magari saba yanachomoka kwa moshi, yeye anatazama kioo, anawasha taa ya kukata, anatoka. Taa nyekundu zilizowekwa kama pambo tu, anasimama. Wenzake wanapiga kona kwa kugonga kuta, yeye anawaonea huruma. "Huyo ameamka na wazimu," anasema. "Pita, baba, pita." Nilimshauri aondoke kwenye mashindano, kuna sehemu ya kutembea peke yako bila wapinzani. Akakataa. "Hospitali nitakwenda peke yangu barabarani? Na wendawazimu wawepo. Ndio ninaojifunza."

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilimkera kweli. Gari la kwanza likifika, mchezo ulihesabu kidogo kisha ukazima, ukaandika kwa herufi nyekundu kwamba umeshindwa, hata kama umebakiza kona moja. Mama hakuwahi kuufikia mwisho wa ile njia.

"Mummy, you're last again," Reza alimtania kila akipita na chai yake.

"Wa mwisho si kitu," mama alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa na hasira. "Mchezo gani huu usiomngoja wa mwisho afike? Nimeendesha salama, sijagonga mtu, naambiwa nimeshindwa. Nimeshindwa nini?"

Nikamwangalia nikaona macho yamelowa. Nilijua anamfikiria nani: mtu aliyekaa kwenye kiti cha mlangoni na koti lake, wakati wote wenye haraka wameshapita. Siku ile sikucheka tena, ingawa habari ya sarafu bado niliiona ni kichekesho.

Aliendelea majira yote ya baridi. Kidogo kidogo nikaona mikono imebadilika. Gari likimjia mbele ghafla, usukani ulikwenda kulia wenyewe. Honi aliiacha, akiona mtu anavuka alimsalimia kwa mdomo. Na mwendo ukaongezeka, si wa kihuni, ni ule tu wa mtu anayejua aendako. Jioni moja ya Machi nilikuwa nakaanga kachori nikasikia kelele sebuleni. Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Mchezo ulikuwa unahesabu, na lile gari lake jeupe lilikuwa linakuja kwenye ile njia ya mwisho, taa ya kukata bado inawaka, amesahau kuizima. Reza amesimama juu ya kochi. "Go, Mummy, go!" Mama hakwenda mbio hata chembe. Alivuka mstari huku hesabu ikimalizikia.

Televisheni ikaandika namba nane. Mama akauweka usukani mapajani, akatuangalia.

"Wa mwisho," akasema, "lakini nimefika."

Mtihani wa tatu niliomba ruhusa kazini nikampeleka mimi. Mtahini alikuwa mwanamke mnene, mkimya. Nilisimama kwenye kioo cha ukumbi nikaona Corolla inakwenda mpaka kwenye njia ya kutokea, inasimama. Ikakaa. Gari la nyuma lilisubiri, likachoka, likapiga honi, nami nikaogopa, maana kelele ndiyo inayomrudisha Tanga. Nikasema kwa sauti, mbele za watu nisiowajua, "Kulia, Mama." Taa ya kukata ikawaka. Corolla ikatoka polepole, ikaingia upande wake, ikaenda zake. Nilikaa nikalia kama mtoto, na kijana mmoja akaniletea maji.

Alirudi na leseni, na nasaha ya mtahini kwamba anakwenda polepole mno. Alimjibu kwamba polepole ndiyo mwendo, akamtafsiria.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa zamu ya masi. Theluji ya mwisho wa msimu ilikuwa imeanguka usiku, na Reza akataka kubaki nyumbani amfuate na gari jingine. Mama alimtazama tu, Reza akachukua begi lake akaenda kazini. Mimi nilikuwa navaa viatu. Mama alikuwa akizunguka nyumba nzima: miwani, funguo, blanketi la kumfunika masi miguu, chupa ya chai, tasbihi, miwani tena ilhali anayo usoni. Akasoma dua yake mlangoni, akatoka. Niliisikia Corolla ikirudi nyuma kutoka gereji, taratibu, kisha sauti yake ikapotea mtaani.

Nilipokuwa nazima taa ya jikoni nikakiona kibweta, nikagundua kwamba sikusikia mlio wa sarafu.

Majira yote yale ametia kwa safari za kwenye televisheni, na leo, kwa safari ya kweli, amesahau. Nilisimama pale na koti langu. Nilijiambia, Kawthar, una treni. Kisha nikaanza kupekua mkoba kama mwizi. Nikapata sarafu, nikaisukuma, haikuingia. Kibweta kilikuwa kimejaa safari zake mpaka mdomoni. Nikakitikisa, nikakipigapiga chini ya meza, mpaka sarafu ikapata nafasi ikazama. Treni nikaiacha iende. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni na viatu vyangu, simu mbele yangu, nikifikiria kila kona kati ya kwetu na kwa masi, na kati ya kwa masi na hospitali.

Simu ikalia.

"Kawthar? Tumefika." Nyuma yake nilimsikia masi akilalamika, sauti ina uhai, kwamba hata baiskeli imewapita. "Wa mwisho," mama akasema, "lakini tumefika. Nitamngoja hapahapa mpaka amalize." Halafu akashtuka. "Lo! Mwanangu, sadaka! Nimesahau kutia sadaka!"

"Nimekutilia, Mama."

Nilimsikia akivuta kiti akikaa.

"Basi usiondoke jikoni," akasema. "Tia na ya kurudi."