Samadi Juu ya Wimbo wa Mapenzi

Redioni wote walimwita Mzee Kanda. Miaka thelathini na mbili alitunza kanda za muziki katika chumba kisicho na dirisha, na hakuna aliyezijua kama yeye. Lakini tuseme ukweli mapema: roho yake haikuwa nzuri. Alikuwa na wivu, tena ule wa kumnyima mtu usingizi.

Mkewe aliwahi kuimba na bendi ya redio, zile nyimbo za jazi za mapenzi zinazokwenda taratibu. Aliimba Jumamosi moja tu. Barua zilivyomiminika, wacha we! Kiongozi wa bendi akaomba aungane nao safarini. Mzee Kanda, wakati huo kijana mwenye tai, akashikwa na donge. Kanda zilikuwa haba, na kuchagua ipi ifutwe irekodiwe upya ilikuwa kazi yake. Akaichukua ya mkewe, akarekodi juu yake bwana kilimo akieleza namna ya kutandaza samadi. Nyumbani akasema, "Mama watoto, bendi wamepata mwingine. Ila wimbo wako nimekutunzia mwenyewe." Mama wa watu akashukuru.

Mwaka huu redio ikaamua kutoa upya rekodi zake za kale. Mama yule sasa mapafu yamechoka, madaktari wamenyoosha mikono. Akawa na ombi moja tu: ajisikie akiimba kabla hajafa. Akavaa gauni lake la kutokea, akafuatana na mumewe mpaka studio, akaketi kwenye benchi la ukumbini, anahema.

Ndani, fundi wa kusafisha kanda, binti mchangamfu, alikuwa akimngoja.

"Shikamoo, mzee. Hebu sikiliza hii. Imechakaa, imepita kwenye mashine mara moja tu ikakatika vipande. Iliyobaki ni hii ya kwenye kompyuta."

Mzee akavaa spika za masikioni. Kwanza samadi. Bwana kilimo akamaliza kabla kanda haijaisha, na hapo, katikati ya ubeti, akatokea mwanamke. Sauti changa, imenyooka, haina woga. Kumbe siku ile, kwa haraka zake, hakufuta mpaka mwisho!

Akazikandamiza spika masikioni. Ni yeye! Haki ya Mungu, aliwashinda wote waliochaguliwa kutolewa upya.

"Nani huyu, mzee? Nimweke, hata kama ni nusu wimbo. Ila wasikilizaji watauliza nani alimfuta, na kwenye sanduku la kanda kuna sahihi, sijaisoma vizuri."

Sahihi ilikuwa yake. Alitazama mlango ambao nyuma yake mkewe alikuwa akikohoa. Aliogopa, ndiyo, lakini si woga peke yake. Lile donge la zamani lilikuwa bado lipo.

"Ah, huyo si mtu. Walikuwa wanajaribu maikrofoni. Futa, mwanangu."

"Una hakika?"

"Unanifundisha kazi?"

Binti akabonyeza.

Ukumbini mkewe akainua uso. "Wameupata?"

"Wamejaribu kila njia. Unyevu umeuharibu."

Mama akalia kidogo, bila sauti, maana pumzi haikutosha. Kisha akaona jinsi mumewe anavyotetemeka, akamshika mkono.

"Pole, baba watoto," akasema. "Miaka yote hiyo umenitunzia. Usijilaumu."

Akampangusa jasho, akamwomba amsaidie kusimama.