Asiyeitika Hayupo

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukisafisha stoo ya chuo cha ualimu ninakofundisha, mhudumu alinipa kopo la bati lililoshika kutu akaniuliza kama litupwe. Nilipolifungua ilinipanda puani harufu kavu, chungu kidogo, kama ya chuma kilichonyeshewa. Ulikuwa unga wa wino, ule tuliokuwa tukiukoroga kwa maji na kuumimina katika vijungu vidogo vya madawati. Nikaketi juu ya sanduku la vitabu, kopo mkononi, na yule mhudumu akajiondokea taratibu, akidhani labda nimeshikwa na kizunguzungu.

Kwangu harufu ile ni ya Temeke, miaka ya mwisho ya Mwingereza, na ya kibaraza cha nyuma cha shule yetu ya msingi. Hapo ndipo Mwalimu Mihayo, mtu wa Tabora mwenye miguu mirefu na sauti nzito, alipokuwa akikoroga wino kila Alhamisi baada ya masomo. Hakuukoroga peke yake. Mtoto ambaye nyumbani kwao kumeharibika jambo, wazazi wameachana au kuna mgonjwa, alinong'onezwa tu kwamba wino umekwisha, aje kusaidia. Nadhani hakukuwa na shule katika Tanganyika nzima iliyomaliza wino upesi kama yetu. Kazi ile haikuwa na jina wakati huo. Leo tunaiita ushauri nasaha, nami huifundisha kwa muhula mzima, kwa vitabu vinene.

Zamu yangu ilifika nikiwa na umri wa miaka tisa. Baba alikuwa kuli bandarini, na Jumamosi moja kamba ya winchi ilikatika, magunia yakamwangukia. Niliporudi shuleni baada ya matanga nilikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeweza kuutaja. Niliongea, nilicheza, nilisoma kwa sauti nilipoonyeshwa kidole. Lakini mtu akiniita kwa jina langu, Mwajuma, ulimi uligoma. Sikuweza kuitika.

Balaa ni kwamba Mwalimu Mkuu aliita majina ya shule nzima mwenyewe, asubuhi, tukiwa tumepanga mistari uwanjani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa taratibu, na utaratibu wake ulisema asiyeitika hayupo. Basi nikawa nasimama mstari wa mbele, hatua tatu kutoka kwenye viatu vyake vilivyong'arishwa, huku nikiandikwa kwamba sipo. Jina lililokosekana kwa mwezi mzima lilifutwa, maana watoto waliongoja nafasi walikuwa wengi. Baba mdogo alipopata habari alikuja kutoka Chanika akasema hilo halimsikitishi. Msichana aliyeanza kiburi, alisema, afadhali aende shamba akaamie ndege kwenye mpunga. Mama alikuwa ndani katika eda, hakuweza kutoka kwenda kunitetea. Alichoweza ni kunisuka nywele kila asubuhi na kunisihi: neno moja tu, mwanangu. Nami niliipenda shule kama mtoto mwingine anavyopenda sukari. Nilikuwa natoka nyumbani nimeazimia kuitika, na nafika uwanjani nimefungwa mdomo.

Mwalimu Mihayo aligundua jambo ambalo hakuna mwingine aliyeligundua: kwamba niliweza kuzungumza na yeyote asiyeniita kwa jina. Na yeye alikuwa na njia ya kuzungumza nami bila kuniita kwa jina, kwa kuwa yeye ni Mnyamwezi na mimi ni Mzaramo, na makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara. Watani hutukanana bila ya kukasirikiana, na kwenye msiba wa mmoja mwenziwe huja kufanya vituko, hata kumwigiza marehemu, na mfiwa hana ruhusa ya kununa.

Kwa hiyo Alhamisi ile ya kwanza, tukiwa tumeinamia ndoo, aliniambia bila kunitazama kwamba Wazaramo wakisikia ngoma huacha wali ukaungua jikoni. Akaongeza kuwa hata mimi najulikana kwa harufu ya wali ulioungua. Kabla sijajizuia nikamjibu kuwa Wanyamwezi wamebeba mizigo kutoka bara mpaka pwani hadi vichwa vyao vimekuwa bapa. Akajipapasa kichwa kwa mikono yenye wino, akaniuliza kwa wasiwasi kama ni bapa sana. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mwalimu Mkuu, aliyetoka kaskazini, hakuwa na utani na sisi. Alipomsikia Mwalimu Mihayo akiniita mla mihogo, mimi yatima, alimwita ofisini, nami nikiwa kibarazani nilisikia yote.

"Mtoto amefiwa, Mwalimu. Huna huruma?"

"Huruma anapewa na kila mtu, bwana. Na mimi nikimhurumia, nani atabaki wa kumchokoza?"

Alhamisi ya tatu aliniomba nimfundishe adabu za pwani, kwa sababu watu wa bara, alisema, wakiitwa huguna tu kama ng'ombe. Mtoto wa kike akiitwa na baba yake husemaje? Nikamwambia kwamba mvulana husema naam, na msichana husema abee. Neno lile lilipotoka, likavuta mengine yote. Nilimweleza jinsi Jumamosi ile baba alivyoniita mara tatu nimpelekee chupa yake ya chai, nami nikajificha nyuma ya pipa la maji kwa kuwa nilikuwa nacheza mdako na nilikuwa nashinda. Akaichukua mwenyewe akaenda. Mwalimu hakuniambia ninyamaze wala hakunifuta machozi. Aliendelea kukoroga, polepole, mpaka nilipomaliza. Kisha akasema wino umekuwa mzito, tuongeze maji.

Arobaini ya baba ilisomwa Jumamosi, na Jumatatu yake jina langu lilikuwa lifutwe. Baba mdogo alikwisha kufunga mzigo wangu. Hitma ilipokwisha na watu wakaketi kula pilau uani, aliingia mtu mwenye gunia lililokunjwa kichwani kama wavaavyo makuli, bega moja limeinama, akiguna wimbo ule ule aliokuwa akiuguna baba. Watu waliacha kutafuna. Alikuwa Mwalimu Mihayo. Akalalamika chumvi ya pilau, akamuuliza baba mdogo nani amempa ruhusa ya kukalia mkeka wake, na akina mama wakacheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Kisha akasimama mlangoni, akaita kwa sauti ambayo sikutarajia kuisikia tena:

"Mwajuma! Chupa yangu ya chai!"

"Abee, baba."

Sikujua kama nimesema mpaka nilipoona watu wote wananitazama. Nikakimbia ndani, nikaitoa msumarini chupa iliyorudishwa kutoka bandarini, nikampa kwa mikono miwili. Akaipokea.

"Kumbe unasikia. Na siku ile nilikuona nyuma ya pipa, umejikunja kama kuku anayetaga. Nikamsimulia Pazi njiani, tukacheka mpaka njia panda."

Macho yote yakamgeukia Mzee Pazi, aliyekuwa genge moja la makuli na baba. Aliinamia sahani yake, akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu jina langu lilipoitwa niliitika kwa sauti kubwa, "Abee!", badala ya kusema nipo kama ilivyotakiwa. Wavulana wakaangua kicheko. Mwalimu Mkuu alisimamisha kalamu hewani, akanitazama kidogo, kisha akaandika. Baba mdogo alirudi Chanika peke yake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa likizo kutoka chuo kikuu, nilikwenda kumwamkia Mzee Pazi, nikamwomba anisimulie tena kicheko kile cha njiani.

"Mwanangu, siku ile mie nilitangulia. Baba yako sikuonana naye mpaka kazini, na hakukuwa na nafasi ya maneno. Mwalimu alinijia alasiri tatu kujifunza mwendo wake na sauti yake. Ya mwisho akaniambia, nitasema jambo, wewe itikia tu."

Darasani nawafundisha walimu watarajiwa wasimwambie mtoto kitu wasichokijua, hata kwa nia njema, na ninaamini ninachofundisha. Lakini pia najua kwamba kama Mwalimu Mihayo angelifuata somo langu, mimi nisingelikuwepo kulifundisha. Nimejaribu kumlaumu, kwa haki, nikashindwa. Alilobuni huenda hata lilikuwa kweli. Baba alikuwa mtu wa kucheka.

Mama, aliyeyasikia yote siku ile kupitia dirishani, bado yu hai. Huwasimulia wajukuu zake jinsi babu yao alivyocheka mpaka njia panda, na kila mara anaongeza kidogo. Watoto wakinigeukia kutaka kujua kama ni kweli, huitikia kwa kichwa.